Kabla ya uwanja, tupeni wiketi: barua ya wazi kuhusu kriketi ya Mtwara na Lindi

Kwa viongozi wa mikoa na halmashauri za Mtwara na Lindi, maofisa elimu na maofisa michezo wa mikoa hiyo, na viongozi wa kriketi ya taifa.

Waheshimiwa,

Hatuombi uwanja wa kriketi. Tumeona tuliseme hilo mwanzoni, kwa sababu mara nyingi kriketi ikitajwa Kusini mazungumzo hukimbilia eneo la ekari kadhaa, majukwaa na mfadhili, kisha jambo zima hulala kwa kukosa vyote vitatu. Tunaomba wiketi nne. Kwa wasiocheza mchezo huu, wiketi tunayoisema hapa ni ule ukanda mwembamba wa katikati ambao mpira unadundia. Mita 25 kwa mita 2.4 zinatosha. Hizo ni mita za mraba 60, karibu sawa na chumba kimoja cha darasa.

Tunaandika wakati ambao kriketi ya Tanzania ina jambo la kujivunia. Mwaka 2025 vijana wetu wa chini ya miaka 19 waliongoza mashindano ya kufuzu ya Afrika yaliyochezwa Lagos, wakaipeleka nchi kwa mara ya kwanza kwenye Kombe la Dunia la umri huo, lililofanyika Zimbabwe na Namibia mapema 2026. Kabla yao, mwaka 2022, timu ya wanawake ilitwaa ubingwa wa mashindano ya Kwibuka jijini Kigali. Kwa nchi ambayo mwaka 1975 ilikwenda Kombe la Dunia ikiwa robo ya timu moja ya Afrika Mashariki pamoja na Kenya, Uganda na Zambia, na ambayo imekuwa mwanachama wa Baraza la Kimataifa la Kriketi (ICC) kwa jina lake tangu 2001 tu, hiyo ni hatua kubwa. Mwaka 2028 mchezo huu unarudi kwenye Olimpiki, Los Angeles, baada ya kukosekana tangu 1900.

Lakini mti huu umesimama juu ya mzizi mmoja. Viwanja vinavyotajwa kila siku ni vya Dar es Salaam: Gymkhana, Annadil Burhani, Chuo Kikuu. Kutoka Mtwara mjini hadi huko ni kilomita 560 hivi. Mtoto wa Masasi au Nachingwea hawezi kuonekana kwenye majaribio ya timu ya taifa kama hajawahi kupiga mpira uliodunda sawasawa, na hilo la kudunda sawasawa ndilo kiini cha barua hii.

Kijana wa miaka 12 akisimama mbele ya mpira unaokuja kwa kasi anahitaji kuamini kitu kimoja tu: ukidunda pale, utapanda kiasi hiki. Kwenye ardhi ya mchanga kama ya Mtwara mjini, mpira uleule unadunda mara tatu kwa namna tatu. Wa kwanza unazama na kuburuzika, wa pili unamrukia kidevuni, wa tatu unakata kona kwa kuwa umegonga kipande cha kifuu. Baada ya wiki mbili atakuwa amejifunza kurudi nyuma kila mpira unapokuja, kwa sababu mwili wake una akili. Mwalimu akimwambia asogeze mguu wa mbele, hasogezi. Tabia hiyo ikishakomaa ni kazi ngumu mno kuiondoa. Na mrushaji naye anaharibika vilevile: mpira wake mbovu unamtoa mpigaji, mzuri haumtoi, basi haoni sababu ya kulenga.

Ndiyo maana tunasema pesa ya kwanza iende ardhini. Si kwenye jezi, wala kwenye sanduku la vifaa.

Tunapendekeza sehemu nne: Mtwara Manispaa, Lindi Manispaa, Masasi na Nachingwea. Mtwara na Nachingwea kuna vyuo vya ualimu, na huko wiketi iwe ya zege. Mwanachuo akikaa na wiketi kwa kipindi chote cha masomo yake atapangiwa shule akiwa anajua mchezo, na kila anayehitimu anaondoka na mbegu. Lindi na Masasi, ambako viwanja vya shule ni vya kandanda na vinatumika kila jioni, zege halifai. Huko tunataka mkeka.

Tuanze na zege. Kwa ukanda wa mita 25 kwa 2.4 wenye unene wa sentimita 10, zege ni mita za ujazo 6. Kwa mchanganyiko wa moja kwa mbili kwa nne hiyo ni mifuko 38 ya saruji ya kilo 50. Nunueni 40 kwa ajili ya upotevu. Mchanga mita za ujazo 3, kokoto mita za ujazo 5.5, na maji yasizidi lita 25 kwa mfuko. Saruji inatengenezwa hapa hapa Mtwara, kwa hiyo usafiri si kisingizio. Chini ya zege ondoeni mchanga laini sentimita 30, jazeni moramu kwa tabaka mbili, mwagieni maji na kushindilia kila tabaka kabla ya nyingine. Juu ya moramu uwekwe wavu wa chuma (BRC) ulioinuliwa kwa vijiwe, usilale chini.

Makosa yanayoharibu kazi hii yanajulikana. La kwanza ni mchanga wa ufukweni. Upo karibu, ni wa bure, na chumvi yake inakula chuma. Kutu ikivimba, zege linapasuka juu, na penye ufa mpira unageuka ovyo. Uletwe mchanga wa mto au wa shimo. La pili ni haraka ya kukauka. Kwa jua letu na upepo wa kusi, zege lisipofunikwa magunia mabichi na kumwagiwa maji kwa siku 7 bila kukosa (14 ni bora zaidi), uso wake unakuwa unga. La tatu ni mahali pa kuunganishia. Fundi hupenda kukata kiungo popote siku ya kazi inapoishia. Kwenye wiketi, mpira mwingi unadundia kati ya mita 2 na mita 9 kutoka kwenye vijiti vilivyosimikwa nyuma ya mpigaji, pande zote mbili. Kiungo kiwe katikati kabisa, mita 10 hivi kutoka kila upande, ambako mpira hudundia kwa nadra. La nne ni kimo. Uso wa zege uwe sawa na ardhi ya pembeni, wenye mteremko wa sentimita 2 tu kuelekea upande mmoja ili maji yatoke. Ukingo ukichomoza hata sentimita 3, vifundo vya miguu vitavunjika, na lawama itaangukia mchezo badala ya fundi.

Wiketi ielekee kaskazini na kusini, jua la asubuhi na la jioni lisimpige mpigaji machoni. Sisi tunaongeza faida ya pwani: upepo wa kusi unavuma kwa msimu mzima wa kiangazi, kwa hiyo mrushaji wa kasi anayeanzia upande wa kusini anasaidiwa, na mrushaji wa mzunguko, anayeuzungusha mpira badala ya kutegemea kasi, akija kutoka kaskazini anajifunza kuuachia mpira uelee dhidi ya upepo. Hilo ni somo ambalo watoto wa bara hawalipati.

Sasa mkeka, na hapa tunaomba mtusikilize kwa makini, maana Kusini ina utajiri ambao haujatumika. Kwa miongo mingi kriketi ya Afrika Mashariki na ya India ilichezwa juu ya mikeka ya usumba, nyuzi za makumbi ya nazi. Leo mikeka hiyo huagizwa kutoka nje. Wakati huohuo, kuanzia Kilwa hadi Mikindani, makumbi yanachomwa au yanaoza chini ya minazi, na bado kuna wanawake wanaojua kuyafukia kwenye matope yanayofikiwa na maji kujaa na kupwa, kuyachimbua baada ya miezi 6 au zaidi, kuyaponda, kuyasuuza, kuyaanika na kuyasokota kamba. Ujuzi uko mikononi mwao. Kilichokosekana ni mnunuzi na vipimo.

Vipimo ni hivi. Umbali kati ya vijiti na vijiti ni mita 20.12, kwa hiyo mkeka wa mita 22 unatosha. Usifumwe mmoja. Fumeni vipande viwili vya mita 11 kwa 2.4, vikutane katikati, palepale ambapo kwenye zege tumeweka kiungo. Vipande viwili vinabebeka, vinakunjika, na kimoja kikichakaa hakilazimu kutupa chote. Mfumo uwe wa kubana kiasi kwamba ncha ya kidole haipiti. Mkeka wenye matundu unaudaka mpira na kuurusha juu bila mpangilio, na hapo tutakuwa tumerudi kwenye mchanga. Pembeni ushonwe kwa kamba mbili na uachiwe tundu kila sentimita 50. Nondo 3 za milimita 10 zenye urefu wa mita 12 zinatoa vigingi 120 vya sentimita 30, na mkeka mzima unahitaji karibu 110. Kichwa cha kigingi kipigwe mpaka kizame. Mkeka uvutwe na kukazwa upya kabla ya kila zamu ya kupiga. Uliolegea unajikunja chini ya mguu wa mrushaji, na mpira unateleza badala ya kupanda.

Tufumiwe kwanza mkeka mmoja wa majaribio. Tukiona nyuzi zinalegea au unene haulingani, tutasahihisha na wafumaji kabla ya kufuma mingine. Halmashauri zina mikopo ya asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi cha wafumaji kinaweza kuanzia hapo, lakini kwa sharti moja: oda ya mkeka itangulie. Mkopo bila mnunuzi ni deni tu.

Chini ya mkeka panahitajika sakafu ngumu, na Masasi ina dawa yake: udongo wa vichuguu. Mchwa wameshauchuja na kuugandisha. Viwanja vingi vya tenisi vya zamani barani Afrika vilitengenezwa kwa udongo huo. Chukueni kichuguu kilichokufa, pondeni, chekecheni, ondoeni mizizi. Ujaribuni kwanza: finyangeni tonge la ukubwa wa ngumi, likae kivulini siku 3, kisha libanwe kwa vidole. Likimeguka kirahisi lina mchanga mwingi, tafuteni kichuguu kingine. Tandazeni juu ya moramu iliyoshindiliwa, unene wa sentimita 7 ukishakandamizwa, urefu wa mita 24 na upana wa 3. Hiyo ni mita za ujazo 5, nanyi mchote kama 7 kwa kuwa unashuka. Pipa la lita 200 likijazwa zege na kupitishiwa bomba katikati linakuwa roller ya kilo 480 hivi. Lipitishwe polepole kwa siku kadhaa udongo unapokauka. Likipitishwa udongo ukiwa mbichi, udongo unang'ang'ania pipa na kubanduka. Ukiachwa juani bila turubai, unapasuka kama ziwa lililokauka. Mkeka ukiondolewa, sakafu hiyo ifunikwe mchanga wa sentimita 3, na wanakandanda waendelee. Kesho yake asubuhi inafagiliwa.

Uwanja wa kandanda una upana wa mita 68 hivi, kwa hiyo wiketi ikiwekwa katikati mpaka wa pembeni unakuwa mita 34. Kwa wakubwa ni karibu mno, kwa watoto wa chini ya miaka 13 ni sawa. Na kwa wa darasa la nne hadi la sita wiketi ifupishwe hadi mita 16 au 18. Mtoto anayelazimishwa kurusha mita 20 anakunja kiwiko ili mpira ufike, na hapo unazaliwa utupaji, ambao katika kriketi ni haramu. Watoto wetu wanajua kutupa. Wamekulia kuangua maembe na mabibo kwa mawe. Ukali huo ni hazina kwenye kudaka na kurudisha mpira. Kwenye kurusha unahitaji kufundishwa upya, mkono ukiwa umenyooka, kwa umbali unaolingana na mwili.

Kuhusu vifaa tutasema machache. Miaka miwili ya kwanza mpira wa ngozi usitumike shuleni kabisa. Mpira wa tenisi uliozungushiwa selotepu ya umeme unatosha, unagharimu kidogo, na hauvunji meno. Magongo ya kupigia yachongwe na maseremala wetu, lakini wasitumie mninga, na mpingo wausahau kabisa. Ni fahari ya wachonga vinyago wa Kimakonde, ila ni mzito kiasi cha kuzama majini. Gongo la mtoto lisizidi kilo moja, upana usizidi sentimita 10.8. Siku mpira wa ngozi utakapoingia, wenye uzito wa gramu 156 hadi 163 kwa wanaume na 140 hadi 151 kwa wanawake, uingie na kinga zake zote: vilinda miguu jozi 3, glavu za kupigia jozi 2 na za mlinda wiketi jozi 1, helmeti 3, na kinga ya sehemu za siri ya kila mchezaji mwenyewe, haiazimwi. Wasichana wanaovaa hijabu wavae nyepesi isiyo na pini chini ya helmeti. Shule isiyo na seti hiyo ibaki na tenisi, na wala si aibu.

Wasichana tunawataja kwa makusudi. Netiboli ya Kusini imeshawafundisha kudaka mpira kwa mikono miwili huku wakikimbia, jambo linalowachukua wavulana muda mrefu kulizoea. Atakayeanzisha timu ya wavulana peke yao ameanza na nusu dhaifu.

Jambo linalozika michezo mingi ya shule ni uhamisho. Mwalimu mmoja anafundishwa, anafufua mchezo, barua ya uhamisho inafika, na gongo linaingia stoo. Tunaomba kila shule iwe na walimu wawili waliofundishwa, na mtu mmoja wa mtaani asiye mtumishi, anayeishi hapo na atakayebaki hapo. Mafunzo ya siku 5 yanatosha kwa kuanzia: siku mbili za kurusha na kupiga, moja ya kudaka, moja ya uamuzi, moja ya kuandika matokeo. ICC ina kozi za msingi za ukocha na uamuzi mtandaoni, za bure. Viongozi wa kriketi ya taifa watuandalie vitini vya Kiswahili, kwa maneno ambayo mwalimu wa Tandahimba au Liwale ataelewa bila kamusi.

Hiyo siku ya kuandika matokeo isipunguzwe. Kwa mteuzi aliyeko Dar es Salaam, mchezaji asiye na rekodi ni hewa. Ova 4 (kila ova ni mipira 6), mikimbio 18, wiketi 2 (yaani wapigaji wawili aliowatoa): mstari huo mmoja kwenye daftari lenye saini ya mwamuzi una nguvu kuliko simu kumi za kumsifia mtoto. Kila mechi iwe na waandishi wawili, wakilinganisha hesabu kila ova inapoisha. Wakisubiri mwisho wa mechi hawatapatana. Umri uandikwe kutoka cheti cha kuzaliwa, si kwa kumtazama mtu.

Ratiba nayo ifuate mazingira yetu, isinakiliwe kutoka kwingine. Mvua zetu huanza Novemba au Desemba na kwenda hadi Aprili. Oktoba hadi Desemba familia ziko mashambani kwenye korosho. Likizo ya Desemba ina jando na unyago. Kinachobaki ni Mei hadi Agosti, tena hapo katikati kuna UMITASHUMTA na UMISSETA, michezo ya shule za msingi na za sekondari. Mechi za shule ziwe za ova 10 kila upande, Jumamosi saa 3 asubuhi. Zinaisha kabla ya saa 5, jua halijakaa utosini. Mashindano ya mikoa miwili yawe wiki moja ya Agosti, Mtwara, ambayo imeshawahi kupokea mashindano ya shule ya kitaifa na ina mabweni. Lindi ni kilomita 100 na ushee kutoka hapo, Masasi karibu 200, na Nachingwea iko jirani na Masasi, kwa hiyo basi moja linaweza kubeba timu mbili. Wateuzi wa taifa waje wiki hiyo. Waje wao, kwa sababu kumsafirisha mteuzi mmoja ni rahisi kuliko kuwasafirisha watoto 40.

Kwa warushaji wa kasi wa chini ya miaka 15 tunaomba amri, na si ushauri: ova zisizidi 5 mfululizo. Mwalimu anayetafuta kombe atamrushisha mtoto wake bora mpaka mgongo uume, na mifupa ya umri huo inavunjika kwa ndani bila mtu kuona.

Wapo watakaotutajia uwanja wa Gahanga wa Rwanda, uliofunguliwa 2017, na wasichana wa Rwanda walioifunga West Indies kwenye Kombe la Dunia la chini ya miaka 19 mwaka 2023. Tunafurahi wakiutaja. Ila kabla ya Gahanga, Rwanda ilicheza kwa miaka kwenye uwanja wa shule pale Kicukiro. Wachezaji walitangulia, uwanja ukawafuata.

Kwa hiyo tunawaomba yafuatayo yafanyike kwa mpangilio huu. Maofisa elimu wachague shule na vyuo vinne, na wakuu wake wakubali kwa maandishi kwamba wiketi haitageuzwa maegesho wala pa kuanikia. Halmashauri zitenge saruji, moramu na nondo kwenye bajeti ya kawaida ya matengenezo ya shule. Viongozi wa kriketi ya taifa watoe mkufunzi mmoja kwa siku 5 mwezi Aprili, na zulia la kufunikia zege zile mbili. Mpaka lipatikane, mpira wa tenisi utachezwa juu ya zege tupu bila tatizo.

Na oda ya mkeka itolewe mapema. Msimu unaanza Mei. Kufuma kunahitaji Machi na Aprili, kusokota kunahitaji Februari na Machi, na makumbi yanataka miezi 6 kwenye matope. Yafukiwe Agosti.

Wenu katika kazi,
Walimu, waamuzi na watunza viwanja wa kriketi, Mtwara na Lindi